Ombi la Cheti cha Kumpinga Mkuu wa Kijiji na Bado Kumsalimia Mzee Dootbek

Kwa Mheshimiwa Keneshbek Orozov,
Mkuu wa Kijiji cha Tuura-Bulak,
Ofisi yenye mlango wa bluu, mkabala na shule.

Kutoka kwa Uulkan Mukashova, mwanafunzi wa darasa la kumi, Mtaa wa Chini.

Tarehe 4 Septemba.

Mheshimiwa Keneshbek baike,

Pokea shikamoo yangu. Nimekuita baike kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na mama amenifundisha kwamba mkubwa haitwi kwa jina tupu, wa kiume ni baike na wa kike ni eje, hata kama tunampinga. Natumaini wewe, mkeo eje Gulbara, watoto, na samaki wote walio bwawani mnaendelea vizuri. Sisi wa Mtaa wa Chini tunaendelea vizuri pia, isipokuwa maharage.

Nakuandikia kwa sababu nakupinga. Tafadhali usishtuke, na tafadhali usimwite baba yangu ofisini, kwani hajui kwamba naandika barua. Anadhani nafanya hesabu. Nimekupinga tangu mwezi wa nne, ulipoliingiza bwawa lako la samaki katika zamu ya maji ya mfereji na kuliandika juu ya jina la mtaa wetu. Sina chuki na wewe. Niliposhinda mashindano ya insha ulinipa zawadi ya kalamu ya wino, na kalamu hiyo ndiyo ninayokupingia sasa. Inaandika vizuri sana.

Ninachotaka ni maji yarudi. Nilidhani hilo ni jambo dogo la kutaka. Lakini nimegundua kwamba kukupinga katika kijiji hiki ni kazi nzito, na uzito wenyewe hautoki kwako. Unatoka kwa wanaokupinga, na kwa wanaokutetea. Na kwa kuwa wewe ndiye mtu pekee ambaye pande zote mbili zinamzungumzia kutwa, nimeona nikuombe wewe msaada, ili niweze kukupinga ipasavyo.

Kabla ya malalamiko yangu, naomba ujue kwa nini nina haraka.

Babu yangu Mukash, unayemfahamu, anatimiza miaka themanini tarehe 28 mwezi huu. Rafiki yake Mzee Dootbek alimtangulia kuzaliwa kwa siku kumi na moja, na hajawahi kumruhusu asahau. Tangu waliporudi kutoka jeshini wakiwa vijana, kila Ijumaa wamecheza bao nyumbani kwetu, lile la mashimo tisa kila upande. Ijumaa moja ya mwezi wa nne walikuwa katikati ya mchezo, zamu ikiwa ya Mzee Dootbek, wakati baike Joomart aliyekuwa mwalimu wetu wa michezo alipoingia na karatasi ya kukupinga. Babu akatia sahihi. Mzee Dootbek akasema, "Mimi siwezi. Keneshbek ndiye aliyenitafutia kifaa hiki cha kusikia." Babu akamwambia, "Basi kitumie kusikiliza mfereji unavyokauka." Mzee Dootbek akakichomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akasema, "Haya, sasa sema yote unayotaka." Kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Hajarudi. Ubao uko pale pale juu ya sanduku la matandiko, kete zikiwa mashimoni kama zilivyoachwa. Bibi anaufuta vumbi kwa manyoya ya bata asije akasogeza kete. Kila Ijumaa babu anakaa upande wake na kuutazama ubao, na tukimuuliza anasema anakagua sanduku. Mwezi wa kumi, mtoto wa Mzee Dootbek anakuja kumchukua akaishi naye mjini Bishkek, ghorofa ya saba. Kutoka huko hatarudi kucheza Ijumaa. Kwa hiyo, baike, mchezo huu umebakiza wiki tano au sita, na zamu bado ni ya mtu ambaye hatuongei naye.

Sasa malalamiko.

1. Tangu karatasi ile, kijiji kina Watu wa Mfereji, ambao ni sisi, na Watu wa Bwawa, ambao ni wako. Mimi nilipojiunga na Mfereji nilielewa kwamba tunapinga bwawa. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya kifurushi hicho kuna pia mkate, meno na kinyozi. Eje Zarylkan, mwoka mikate, ni wa Bwawa. Mama alinituma dukani kwa mkate wa jana, nikamuuliza kwa nini tusinunue wa leo kwa eje Zarylkan ambao bado una moto. "Mkate wa Bwawa hauingii humu," akasema. Nikamwambia ngano ni ile ile, imetoka shamba la mjomba. Mama akafikiri. "Ngano ni yetu," akasema, "tanuri ndilo la Bwawa." Muuguzi wetu naye ni wa Bwawa, kwa hiyo nilikaa na jino bovu wiki tatu. Wakati wote huo nilijaribu kulieleza jino langu msimamo wetu. Halikuelewa.

Naomba ofisi yako itubandikie orodha ukutani: vitu gani ni vyako na vipi ni vyetu. Kwa mfano, daraja ni la nani? Na homa ya mafua ikija majira ya baridi, tuikatae?

2. Unajua kwamba nyumba zote huchunga kondoo wa kijiji kwa zamu. Mwezi wa tano, baike Joomart alitangaza kwamba mtu wa Mfereji hawezi kuchunga kondoo wa Bwawa, kwani atakuwa anamlishia adui. Kundi likagawanywa. Wetu walipakwa rangi nyekundu mgongoni, wenu bluu, na wakapelekwa malishoni kwa njia mbili tofauti. Baada ya saa moja walikuwa wamechanganyika wote, nyekundu na bluu, wanakula majani. Wanaume kumi na wawili waliwatenganisha. Wakachanganyika. Waliwatenganisha tena kwa farasi na mbwa, na mbwa wenyewe wakaanza kusalimiana. Hapo baike Joomart alisimama juu ya jiwe akapiga kelele, "Hawa kondoo wamenunuliwa!"

Mimi niliandika tarehe.

3. Kuhusu salamu. Kamati yetu imeamua kwamba mtu wa Mfereji akimwona wa Bwawa avuke barabara ili asimsalimie. Nasikia kamati yenu nayo imeamua hivyo hivyo. Kwa hiyo kila asubuhi baike Joomart na baike Ularbek, naibu wako, wanaonana kwa mbali, wanavuka wote wawili, na wanakutana uso kwa uso upande wa pili. Siku ya mvua nimewaona wakivuka mara tatu. Naomba upande mmoja upewe agizo la kutovuka. Wowote ule, mimi sichagui.

4. (Nimeifuta. Ilikuwa ya kweli lakini haikuwa na adabu kwa mke wa baike Ularbek.)

5. Hili la tano linaniuma. Mwezi wa sita binamu yangu alifanya sherehe ya mtoto wake mchanga, na kwa kuwa mkewe ni wa ukoo wa Bwawa, ilibidi pande zote zialikwe. Wewe ulituma udhuru na kikapu cha samaki. Katika kugawa nyama, unajua mwenyewe kwamba kila mfupa una mtu wake, na kichwa cha kondoo ni cha mgeni mkubwa kuliko wote. Miaka yote kichwa kilikwenda kwa Mzee Dootbek, kwa sababu ya zile siku kumi na moja. Yeye hukata sikio na kumpa babu, akimwambia, "Shika, mdogo wangu, labda utaanza kusikia." Babu hukasirika na hula sikio. Nimeliona hilo katika kila sherehe tangu nizaliwe, na nilidhani ni sehemu ya dini.

Sasa binamu aliogopa. Akimpa Mzee Dootbek kichwa, Mfereji watainuka. Akimpa babu, Bwawa watainuka. Akaenda sokoni Talas akanunua kichwa cha pili. Basi akaletwa kondoo mmoja mwenye vichwa viwili, kimoja mezani kwetu na kimoja mezani kwenu, na ili mambo yawe sawa pia nyonga nne. Watu wazima wote walitazama sahani zao. Ila binti wa shangazi, ana miaka sita, aliuliza kwa sauti, "Mama, huyu kondoo alikuwa anatazama wapi?" Mama yake akamtia mkate mdomoni. Halafu mtu wa meza ya Bwawa akasema, "Vichwa mmegawa, sawa. Mkia je?" Mkia ulikuwa mmoja. Wageni sita waliondoka kwa ajili ya mkia.

Babu alikata sikio la kichwa chake. Akaliinua, akageuka upande ambao Mzee Dootbek hukaa. Palikuwa na ukuta. Akalirudisha sahanini, akalifunika na kitunguu.

Mwezi huu kuna sherehe mbili za miaka themanini, moja mtaa wenu tarehe 17 na moja mtaa wetu tarehe 28. Kwa desturi, kichwa cha kondoo cha sherehe ya kwanza ni cha babu, na cha sherehe ya pili ni cha Mzee Dootbek. Hakuna atakayekwenda kwa mwenzake. Hivyo kutakuwa na vichwa viwili na hakuna mtu wa kuvipokea. Sijui kama ofisi yako ina idara ya jambo kama hili.

6. Katika likizo nilikaa kwenye lango la maji siku arobaini, na saa ya baba, kitabu cha kusoma, na daftari. Niliandika saa lango lilipofunguliwa na lilipofungwa, na kuelekea wapi. Matokeo ni haya: katika saa ishirini na nne, Mtaa wa Juu wanapata kumi na nne kama zamani. Sisi tulikuwa tunapata kumi. Sasa bwawa lako linapata sita na sisi tunapata nne. Hakuna kingine. Si jambo gumu, baike, ni la darasa la tatu.

Nilipeleka daftari kwenye mkutano wa Mfereji. Baike Joomart alilisoma, akavua miwani. "Sita tu?" akasema. "Sisi tumeshatangaza kumi na mbili."

"Lakini ni sita, baike. Nimepima siku arobaini."

"Uulkan, binti yangu, ukisema sita, zile sita nyingine umempa yeye." Kisha akanitazama kwa makini. "Nani kakutuma?"

Nikalipeleka kwa upande wenu. Baike Ularbek hakunikaribisha kuketi. "Bwawa halinywi maji," akasema. "Bwawa linayahifadhi."

Nikamwambia linayahifadhi saa sita kila siku, na maharage yetu hayawezi kusubiri maji yamalize kuhifadhiwa.

"Wee mtoto, unaongea kama karatasi. Nani kakutuma?"

Katika mambo yote ya kijiji hiki tangu mwezi wa nne, swali hilo ndilo jambo pekee ambalo pande zote mbili zimekubaliana nalo.

Nimehudhuria mikutano yote kumi na minne ya Mfereji, nikikaa nyuma karibu na jiko. Kumi na mmoja ilihusu nani asisalimiwe. Miwili ilihusu rangi ya bendera. Mmoja ulipangwa kuzungumzia maji, ukaahirishwa kwa sababu ya mvua. Nasikia na mikutano ya Bwawa ni hivyo hivyo, ila ninyi mna chai nzuri zaidi.

Hapa naomba niseme kitu, kisha nitarudi kwenye heshima. Nilikuwa nadhani wewe ndiye uliyetugombanisha. Nimetafuta ushahidi sana, kwa sababu ningefurahi kuupata. Sijaupata. Hukufanya chochote. Ulikaa tu, ukatazama, ukaona kwamba watu wanaotazamana kwa hasira hawatazami lango la maji. Kila ninapomsikia baike Joomart akimtukana baba yake eje Zarylkan, nasikia maji yakiingia bwawani. Hasira yetu yote, baike, inakunyweshea samaki. Na samaki ni watamu, sitadanganya. Nilionja kwenye ile sherehe, chini ya meza.

7. Hili la saba ni malalamiko dhidi yangu mwenyewe, lakini sijui ofisi ya kuyapeleka. Wiki iliyopita nilimwona Mzee Dootbek amekaa kwenye benchi nje ya kwake, peke yake, na kofia yake nyeupe. Huyu mtu ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa kete za bao, nikiwa sijaanza shule. Nami nilitazama chini nikapita. Na si kwa kuogopa kamati. Nilipita hivyo kwa sababu nilijisikia vizuri. Nilihisi nimekupinga, bila kupima kitu, bila kuandika kitu, kwa kutazama chini tu. Ilikuwa rahisi kuliko siku arobaini za daftari, na tamu zaidi. Nikaelewa kwa nini watu wazima hawataki kuacha.

Nilipofika kwenye kona akasema nyuma yangu, "Kifaa hiki ni kizuri, Uulkan. Nakusikia unavyoninunia."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Basi haya ndiyo maombi yangu.

Ofisi yako inatoa vyeti vya kila kitu. Bibi yangu huja kila mwaka, kwa miguu yake miwili, kuchukua cheti kwamba yu hai. Tuna cheti kwamba tunaishi tunapoishi. Ng'ombe wetu ana pasipoti yenye muhuri wako, na kwa pasipoti hiyo huenda malishoni kupitia Mtaa wa Juu, hunywa maji popote, hulala karibu na ng'ombe wa baike Ularbek, na hakuna aliyewahi kumuuliza nani kamtuma. Kwa hiyo naomba nipewe cheti kinachosema hivi:

"Mwenye cheti hiki, Uulkan Mukashova, anampinga Mkuu wa Kijiji katika jambo la saa sita za maji, na hilo tu. Anaruhusiwa kununua mkate ukiwa wa moto, kung'olewa jino na mtu anayejua, na kuamkia wazee wote bila kuvuka barabara. Upinzani wake uko hai na haujapungua kwa sababu ya mkate."

Naomba pia nakala mbili zenye majina ya Mukash na Dootbek, zinazosema kwamba wenye vyeti hivyo wanaruhusiwa kutokubaliana wakiwa wamekaa kwenye ubao mmoja.

Ikiwa sheria hairuhusu cheti cha namna hiyo kwa binadamu, naomba nisajiliwe kama ng'ombe. Nimesoma fomu, inataka umri, rangi, na alama ya sikio, na ya mwisho hiyo naweza kuvumilia.

Ikiwa na hilo haliwezekani, nina pendekezo kubwa zaidi, nalo nimelifikiria muda mrefu. Naomba wewe mwenyewe uchukue uongozi wa upinzani. Wewe ndiye unayejua kuliko wote ubaya wa bwawa lako: unajua kina chake, unajua linavuja wapi. Ukisema ni saa sita, hakuna atakayekuuliza nani kakutuma. Na baike Joomart achukue uongozi wa wanaokutetea. Anafaa sana. Anakutaja mara nyingi kuliko eje Gulbara, anajua unachokula, anajua unavaa nini siku gani, na siku ulipokuwa mgonjwa alihangaika kijiji kizima akiuliza kama ni kweli. Siku ukiondoka madarakani sijui ataamka asubuhi afanye nini.

Na kama yote haya yanaonekana mazito, kuna njia fupi. Lango la maji lina gurudumu la chuma. Likizungushwa mara nne kushoto, zamu inarudi kama zamani. Mimi nina mikono miembamba lakini nimejaribu, linazunguka. Nikalirudisha, kwa sababu si jambo la kufanywa na mtu mmoja kwa siri. Ni la kuamuliwa mkutanoni, na wewe ukiwepo, na mimi nikiwa nimesimama mbele yako, nakupinga, na baadaye tunakunywa chai. Nimesoma kwamba kuna mahali wanafanya hivyo.

Ila nakuonya kwa nia njema: ukiyarudisha maji ghafla, watu wengi watakuchukia. Utakuwa umewanyang'anya kazi.

Nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Najua una samaki wa kulisha. Nisalimie eje Gulbara, na mwanao Erkin ambaye tuko naye darasani, umwambie zoezi la nne alilonakili kwangu nilikuwa nimekosea. Nisalimie baike Ularbek, mlinzi wa ofisi, katibu wako mwenye mihuri, na muuguzi, ambaye hatimaye alining'oa jino kupitia mlango wa nyuma na hakumwambia mtu. Ukimwona Mzee Dootbek, naomba umwambie, kwa sauti, kwamba zamu ni yake.

Wako kwa heshima na upinzani,

Uulkan Mukashova
Darasa la kumi, Mtaa wa Chini

N.B. Naomba uifute barua hii yote isipokuwa namba 6.

Baada ya kutia sahihi hapo juu nilikwenda kuteka maji, nikaiacha barua juu ya sanduku la matandiko, kando ya ubao. Babu alikuja "kukagua sanduku", akaisoma kwa kioo chake cha kukuzia. Bibi anasema alipofika kwenye sikio na kitunguu aliinuka bila fimbo. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Dootbek, barua mkononi, akipiga kelele tangu darajani, "Wewe ndiye uliyemfundisha huyu mtoto kuhesabu! Njoo uone anachohesabu!" Mzee Dootbek alitia kifaa sikioni. Waliisoma pamoja kwa sauti kwenye benchi, wakaona kwamba wamevunjiwa heshima wote wawili kwa kiasi kilicho sawa, na wakaja kunikaripia.

Walinikaripia kwa zamu. Mzee Dootbek alisema ni siku kumi na mbili, si kumi na moja. Babu akasema ni kumi. Mzee Dootbek akasema hawezi kubishana akiwa amesimama, akakaa mahali pake, na huku akiendelea kunikaripia akatia mkono kwenye shimo la tano, akacheza. Bibi alitoka nje na manyoya yake ya bata akakaa huko kitambo.

Sasa wako mchezo wa tatu na bado wananikaripia. Habari imesambaa. Baike Joomart na baike Ularbek wamefika hapa langoni kwetu, na walikuja upande mmoja wa barabara, wakiulizana njiani nani kanituma. Eje Zarylkan amekuja kusema kwamba nimelidhalilisha tanuri lake, na mama amemwambia ni kweli kabisa, na wamekaa jikoni wanakula mkate wa moto. Inaonekana kijiji kizima, Mfereji na Bwawa, kimeungana kunipinga mimi.

Kwa hiyo nakusihi usinipe cheti. Nikiwa na cheti nitakuwa nimelindwa, na wakikosa wa kumkasirikia watarudi kila mtu upande wake. Ukiulizwa kuhusu mimi, tafadhali sema ni mtoto asiye na adabu. Usinitetee hata kidogo.

Wazee wamekataa niichane barua. Wanasema iende kama ilivyo, na masahihisho yao pembeni. Maandishi ya penseli ni ya babu, "siku kumi na mbili" ni ya mwenzake.

Mkutano wa kijiji ni Ijumaa hii. Nasikia watakuja watu wote, ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja tangu mwezi wa nne, kwa ajili ya kunisuta. Nitaanza kwa kusoma daftari, siku zote arobaini, na itabidi wasikilize mpaka mwisho ili wajue wanachokataa. Naomba uje. Mzee Dootbek atakaa mstari wa mbele na kifaa ulichomtafutia. Anasema kinasikia vizuri sana, na anakushukuru.